Niliitikia "karibu" nikiwa ndani ya sauna bila nguo, posa yangu ikasimama Ilula

Wakuu, habari za huko mliko.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nne. Mara ya kwanza ulikuwa na vichwa vya habari, vipengele na mchoro wenye mishale. Nimefuta vyote. Leo nasema mambo kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga, na mtaona ni sehemu nyingi.

Nimeona humu watu wanauliza kuhusu hizi sauna za kukunja, zile za infrared, yaani mionzi ya joto, za kutumia nyumbani. Zinafaa? Zinasaidia mgongo? Zinaleta usingizi?

Mimi ninayo. Nitawajibu, ila itabidi mnivumilie kwanza, maana hiyo sauna nusura inikoseshe mke.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni kijana wa Mbeya, kwetu Uyole, lakini huu ni mwaka wa tatu naishi Iringa mjini, Kihesa. Nachora ramani za nyumba. Sikusomea. Nilijifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, usiku na mchana, mpaka watu wakaanza kunilipa.

Na kwa sababu sikusomea, kila mstari naurudia. Nina hofu kwamba siku moja fundi mahali fulani ataishika ramani yangu, ataiangalia, atasema: huyu hakusoma. Naweza kukaa saa tatu kwenye mlango wa choo. Mlango mmoja, wakuu. Unafungukia ndani au unafungukia nje.

Matokeo yake ni mgongo, shingo, na usingizi usiokuja hata nikiuita kwa adabu. Hospitali niliambiwa sina ugonjwa, nipunguze kukaa na nipunguze mawazo. Kukaa nilipunguza. Mawazo nikayaongeza, nikiwaza jinsi ya kuyapunguza.

Ndipo nikakutana na video za sauna.

Kwa ambao hamjaiona: ni kama hema dogo la mraba linalosimama lenyewe. Ndani kuna kiti cha kukunja. Unaingia, unakaa, unafunga zipu, kichwa kinabaki nje. Kuta za ndani zina vitambaa vinavyotoa joto, na chini kuna zulia la miguu, nalo linapata moto. Hakuna maji wala mvuke, kwa hiyo msifananishe na nyungu. Ni joto kavu linaloingia mwilini taratibu. Pembeni kuna matundu mawili ya kutolea mikono, nayo yana zipu. Rimoti ina waya. Unachagua joto kuanzia moja mpaka tisa, unaweka dakika, basi.

Niliagiza mtandaoni, ikaja na basi kutoka Dar. Bei msiniulize, nimeshasikitika vya kutosha.

Mtu wa kawaida angeingia, angetoka jasho, angelala. Mimi nilifungua daftari.

Niliandika joto la chumba kabla. Niliandika level. Niliandika dakika ambayo jasho la kwanza limetoka na limetokea wapi. Nilipima mapigo ya moyo kabla na baada. Maji ya kunywa nilipima kwa kikombe cha mistari. Wiki ya tatu nilijikuta nimekaa humo ndani nina wasiwasi kama nimetulia vya kutosha.

Nawaambia haya ili mjue tatizo lilikuwa la nani. Kifaa hakikuwa na kosa lolote.

Kingine cha kukiri: kila maelekezo yalipokuwa na njia mbili, nilichagua ile ngumu. Kijitabu kilisema vaa nguo nyepesi au usivae kabisa. Nikachagua kutovaa kabisa. Kilisema chumba kiwe na hewa. Nikawa naacha mlango wa sebuleni umeegeshwa bila kufungwa. Video moja ilisema simu ikae mbali na pasiwe na kelele za mtandao. Nikazima simu kuanzia Ijumaa jioni mpaka Jumamosi mchana, kila wiki. Na rimoti, kwa kuwa nilikuwa naitazama kila baada ya sekunde kumi, nikawa naiweka juu ya stuli mbali nami, mwisho wa waya wake, ili nisiifikie.

Mlango umeegeshwa. Simu imezimwa. Nguo sina. Rimoti siifikii.

Naona wengine mmeshaanza kushika vichwa.

Sasa niingize jambo la posa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilihangaika.

Nina mchumba, Imelda. Anafundisha chekechea Ilula, na ndiko kwao. Baba yake analima nyanya. Tulikubaliana mwaka wa pili huu, na wiki tatu kabla ya tukio nilipeleka barua ya posa. Mshenga wangu ni Mzee Chengula, jirani yangu hapa Kihesa na mzee wa jumuiya yetu ya kanisa, tunaosali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Alirudi akasema barua imepokelewa, jibu litakuja ndani ya mwezi. "Nimewaambia kijana ni mzima, ana kazi, anasali," akaniambia. "Kazi yako sasa ni kutulia."

Kutulia. Ndiyo maana wiki hizo niliongeza sauna ikawa mara nne kwa wiki.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ile baridi ya Iringa ambayo hata maji ya bomba yanauma mkono, saa kumi na mbili asubuhi nikaingia ndani. Suruali, shati na fulana nimevikunja vizuri, nimeviweka kwenye kochi. Level nne, dakika arobaini. Zipu mpaka shingoni. Matundu ya mikono nimefunga, joto lisivuje.

Dakika kama ya ishirini na tano nikasikia mlangoni, "Hodi wenyewe."

Wakuu, mimi nimelelewa na mama wa Kinyakyusa. Kwetu hodi ikipigwa haina jibu lingine. Kabla akili haijajua nipo wapi, mdomo ulishasema, "Karibuni."

Wakaingia jumuiya nzima.

Nilikuja kujua baadaye. Jumamosi hiyo zamu ya kupokea sala, ambazo mimi nilipanga kuzifuata nikitoka kwenye hema, ilikuwa ya jirani mwingine, dada ambaye mumewe anafanya kazi Mgololo. Akapata dharura ya kwenda huko. Mwenyekiti wetu, Mama Deo, akatangaza kwenye group Ijumaa jioni kwamba sala zinahamia kwangu. Akaandika, "Asiyejibu amekubali."

Waliingia kama watu kumi na wanne na rozari zao. Wakasimama. Mimi kichwa kiko juu ya hema, jasho linatiririka, macho mekundu. Mashine ikasikika inavyonguruma.

Mama Deo ndiye aliyesema kwanza, akanisalimia Kihehe, tena kwa sauti ya chini. "Kamwene, mwanangu. Pole. Kumbe ndiyo maana hukujibu kwenye group."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Sentensi moja tu: mama, siumwi, sina nguo, naomba mnisubiri nje dakika mbili.

Sikuisema.

Nilifikiria: nikisema siumwi wataniuliza unafanya nini. Nikijibu najipumzisha, nitakuwa mwanaume wa miaka ishirini na saba ambaye Jumamosi alfajiri, watu wanakwenda mashambani, yeye amekaa kwenye mfuko wa umeme anajipumzisha. Na nikisema sina nguo, mbele ya mama hawa wenye umri wa mama yangu, na mshenga wangu yupo.

Nikasema, "Asante mama. Naendelea vizuri."

Wote wakasema pole kwa pamoja. Wakakaa.

Mzee Chengula alikuta nguo zangu kwenye kochi. Akazibeba taratibu, akakaa, akazipakata mapajani. Ibada yote ile mshenga wangu aliketi na suruali yangu juu ya magoti, mikono ameiweka juu yake kama mtu aliyeshika kitabu cha nyimbo.

Tulipoanza kwa ishara ya msalaba nilifungua zipu ya tundu la kulia nikatoa mkono. Ungeona ule mkono peke yake unavyohangaika kufika kwenye paji la uso. Nao ukawa kosa, kwa sababu sasa kulikuwa na mkono wa kusalimia. Wakaja mmoja mmoja.

"Umelowa chapachapa," akasema Dada Fausta, huyu anafanya biashara ya vitunguu. "Homa hiyo inatoka. Ni nzuri ikitoka."

Katikati ya Injili taima ikaisha, mashine ikalia. Nilishukuru Mungu kimoyomoyo. Joto litashuka, watamaliza, wataondoka.

Mama Deo akainuka, akaiangalia rimoti kwenye stuli. "Kimezima hiki. Atapoa ghafla, ni hatari."

"Mama, acha tu," nikasema.

"Nyamaza, mwanangu, usijichoshe."

Akabonyeza. Mashine ikawaka. Akaona alama ya kujumlisha, akaibonyeza. Ikalia. Akaibonyeza tena. Nilikuwa nahesabu milio: tano, sita, saba, nane, tisa. Alipoona haiongezeki akaridhika. Kisha akavua mtandio wake mzito akanifunga shingoni, pale ambapo hewa ilikuwa inatoka.

Wakuu, sijawahi kufika level tisa. Daftari langu lilikuwa na mpango wa kufika sita mwezi wa tisa.

Kisha wakasali rozari ya mgonjwa. Yote. Mafungu matano.

Fungu la tatu nilianza kuona ukuta unakuja na kurudi. Nikaomba maji, Dada Fausta akaninywesha kwa kikombe changu cha mistari, na bado nilijikuta nasoma kipimo. Fungu la nne nilitamani kusema kila kitu, hata mambo ambayo hakuna aliyeniuliza.

Walipomaliza, Mama Deo akatangaza kwamba yeye atabaki anipikie uji mpaka nitoke. Hapo nikakata tamaa kabisa. Aliyeniokoa ni Mzee Chengula. Akaweka nguo zangu kochini jinsi alivyozikuta, akasema, "Tumwache mgonjwa apumzike. Uji upikwe nyumbani uletwe."

Walipotoka tu nilifungua zipu, nikaegemea mlango nikaufunga, nikalala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji. Baridi ya Iringa niliyoilalamikia miaka mitatu, siku hiyo niliikumbatia.

Mtu mwenye akili angevaa, angetoka, angewafuata hapo njiani na kuwaeleza, wangecheka, yakaisha.

Mimi niliogopa wataniuliza kwa nini sikusema mwanzoni. Kwa hiyo nikaendelea kuumwa.

Uji ukaja. Mayai ya kienyeji yakaja. Parachichi, njegere, maziwa. Kila anayekuja ananiuliza naendeleaje, nasema naendelea vizuri. Jumapili sikwenda kanisani, maana mgonjwa wa jana anakwendaje. Jumatatu Mama Deo alipokuja na chupa ya chai, nilikohoa. Kwa makusudi. Mara mbili. Hili sikumwambia mtu mpaka nilipobanwa, na sasa nawaambia nyie.

Sasa mjue kwamba Dada Fausta kila Jumatatu hushuka Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu. Na wakati wa kurudi husimama Ilula kununua nyanya. Na nyanya hizo hununua kwa shangazi yake Imelda.

Jumanne Imelda alipiga. Hakusalimia.

"Lusajo, una nini?"

"Sina kitu. Kwani vipi?"

"Shangazi ameambiwa unawekwa kwenye gunia unachemshwa asubuhi na jioni. Kwamba umebaki kichwa. Baba amesema barua ikae kwanza."

Nikamweleza yote, isipokuwa kikohozi. Nikasikia anahema kwa pua, sijui ni hasira au anazuia kicheko.

"Nakuamini," akasema. "Lakini hapa siyo mimi ninayejibu barua. Kwa nini hukuwaambia?"



Jioni yake mama akapiga kutoka Uyole, analia, anauliza nasikia wanakuchemsha, kwa nini usirudi nyumbani uchemshwe na ndugu zako. Habari zilifikaje Mbeya sijui mpaka leo.

Lakini aliyeniumiza ni Mzee Chengula. Alikuja Jumatano, akakataa kukaa.

"Wamenipigia Ilula. Wanauliza, Chengula, ulituletea barua ya mgonjwa ukatuambia mzima? Mimi na umri huu, niitwe mwongo kwa ajili ya kijana." Akalitazama hema pale kona. "Niambie mimi. Unaumwa nini?"

Nikamwambia. Nilisema nikitazama chini. Nilipofika kwenye nguo akainua mkono ninyamaze.

"Kwa hiyo nilipakata suruali ya mtu mzima, mwenye afya, nikamwombea."

"Ndiyo, mzee."

Akaligeukia tena hema. Kisha akasema, "Keshokutwa tunakwenda Ilula. Ulibebe hilo dude. Utaongea mwenyewe."

Mnajua nilifanya nini usiku mzima na kesho yake? Nilichora. Nilichora hema lile kwa vipimo, mbele, ubavu na mkato, kila kitu na jina lake, mishale imenyooka, kipimo moja kwa kumi. Nikachapisha kwenye karatasi kubwa. Ile ndiyo ramani nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na ilikuwa ya kumweleza baba mkwe kwamba sikuchemshwa.

Ilula tulipokelewa vizuri, ila kwa ile heshima ya mbali. Shikamoo zikaitikiwa. Chai ikaletwa. Imelda alipita mara moja na vikombe, hakunitazama usoni, akanitazama miguu.

Nilisimamisha hema sebuleni, katikati ya matenga ya nyanya. Nikatandaza karatasi, nikaanza kueleza. Mionzi. Joto kavu. Tofauti na nyungu. Nilieleza kama robo saa.

Baba yake Imelda alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua ile karatasi, akaigeuza uso chini, akaweka kikombe chake juu yake.

Kabla hajasema, shangazi akasema, "Washa."

"Shangazi?"

"Si umesema linasaidia viungo? Mimi magoti yameniisha kwa kuinama shambani. Washa tuone, maneno yamekuwa mengi."

Nikamuuliza kuhusu presha, nikamwambia kama anayo asiingie. Akanijibu kwamba yeye hana presha, yeye huwapa watu. Akaingia na kitenge chake, akakaa, nikafunga zipu, level mbili. Kwa hiyo mazungumzo yote yaliyofuata, kichwa cha shangazi kilikuwa pale kati yetu kinashiriki.

Baba yake akaniuliza swali moja tu.

"Siku ile walipoingia, kwa nini hukusema huumwi?"

Nikajibu, "Baba, sikuwa na nguo. Niliona aibu."

"Hilo nalielewa. Ungesema sina nguo, ngojeni nje. Maneno manne. Na kesho yake, ulikuwa na nguo?"

"Nilikuwa nazo."

"Na keshokutwa yake?"

"Nilikuwa nazo, baba."

"Mimi sikuusimamisha mpango huu kwa sababu ya ugonjwa," akasema. "Mtu yeyote huumwa. Jana nilishapata habari kwamba huumwi, binti yangu ameniambia. Kinachonisumbua ni kwamba wiki nzima watu wamekupikia, wewe umekula na ukanyamaza kwa kuogopa kuonekana vibaya. Siku mwanangu atakuuliza kitu kigumu, utakohoa?"

Alijuaje kuhusu kukohoa, sijui. Nilihisi joto la level tisa na sikuwa hata ndani ya hema.

"Jibu," kichwa cha shangazi kikasema.

Nilitaka kutoa jibu zuri. Nilianza sentensi tatu kichwani nikazifuta zote. Mwishowe nikasema, "Baba, nimezoea hivyo. Nikikosea kidogo nafunika, kisha nafunika kifuniko. Nimechoka nayo."

Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho Jumamosi kaseme kwenye jumuiya yenu. Wote wakiwepo. Kisha Chengula anipigie."

Tukaaga. Nilipotaka kukunja hema, shangazi akasema, "Hili liache kwanza, sijamaliza." Nikasema hamna shida, shangazi. Likabaki.

Jumamosi sala zilikuwa kwa Dada Fausta. Ulipofika wakati wa shukrani, nilisimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, ipo mfukoni. Sikuitoa.

"Jumamosi iliyopita sikuwa naumwa," nikasema. "Lile hema ni la kujipumzisha. Niliona aibu kwa sababu sikuwa nimevaa. Nimekula chakula chenu wiki nzima. Nisameheni."



"Kwa hiyo huumwi," akasema Mama Deo.

"Siumwi, mama."

"Hata kidogo."

"Mgongo tu."

"Na kile kikohozi?"

"Nilijikohoza."

"Rozari nzima," akasema Dada Fausta, "mafungu matano, magoti yangu chini kwenye saruji, kwa mtu anayejipumzisha."

Mzee Chengula alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Akaanza mmoja, wakafuata wengine, chumba kizima kikacheka mpaka mama mmoja akatoka nje. Mama Deo peke yake ndiye hakucheka. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa.

"Mimi nilikuongezea moto mpaka mwisho," akasema. "Ungekufa mle ndani je? Ungeniacha niende na dhambi hiyo, kwa sababu ya aibu yako?"

Hilo sikuwahi kulifikiria, wakuu. Wiki nzima nilijifikiria mimi nilivyoonekana. Sikufikiria kwamba yule mama angeweza kuishi na jambo hilo maisha yake yote.

Nikamwomba radhi yeye peke yake. Akaikubali, kisha akatangaza kwamba Jumamosi mbili zinazofuata sala ni kwangu, na safari hii niwe nimevaa.

Barua ya Ilula ikaja baada ya siku tisa. Wamekubali. Mzee Chengula alinisomea kwa sauti, na taratibu zote za kikwao zimeorodheshwa. Mwisho kabisa, kwa mwandiko tofauti, kulikuwa na mstari mmoja: "Hema la joto tumelipokea, tunashukuru."

Nikamwangalia Mzee Chengula. Akakunja barua. "Mimi simo," akasema.

Siku mbili nilizunguka na simu mkononi. Niliandika jumbe kumi na moja nikazifuta zote. Nikisema nataka hema langu, nitaonekana mchoyo, na posa ndiyo kwanza imekubaliwa. Nikinyamaza, basi nimerudi pale pale, nakohoa.

Siku ya tatu nikapiga.

"Shangazi, shikamoo. Lile hema sikulitoa. Nililiacha umalizie siku ile. Ni langu na nalihitaji."

Nikasikia mashine inanguruma kwa nyuma.

"Barua umepata lini?" akauliza.

"Juzi."

"Umechelewa. Mimi nilimwambia kaka yangu utapiga siku hiyo hiyo. Yeye alisema hutapiga kabisa." Kisha akaongeza, "Njoo Jumapili ulichukue. Usije kabla ya saa nne, nitakuwa bado nipo ndani."

Limerudi. Linanukia nyanya, na zipu ya tundu la kushoto imeharibika, sijui alikuwa anatoa mkono kufanya nini. Inanikera kila nikiitazama. Nimeamua kutoitengeneza, na kuamua huko kumenigharimu usingizi wa siku mbili.

Sasa kwa wale mliokuja kwa ajili ya sauna yenyewe. Usiku ninaotumia nalala vizuri zaidi, shingo inalegea. Haiponyi kitu, ni joto tu. Kunywa maji. Anza chini, usikae muda mrefu, usisinzie humo. Mjamzito, mwenye presha au moyo, aulize daktari kwanza. Na rimoti ikae mahali mkono wako unafika. Hiyo nawasihi.

Daftari nimeacha. Yaani, karibu nimeacha. Naandika siku mbili kwa wiki.

Na nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu akinikuta vibaya, nimwambie pale pale, kwa maneno ya kawaida, kabla sijaanza kuyapanga. Jumamosi iliyopita nilikuwa ndani ya hema, mlango nimefunga kwa komeo, nikasikia hodi ya Mama Deo. Nikasema, "Mama, sina nguo, nisubiri nje dakika kumi."

Akasema, "Haya."

Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye ngazi anamenya njegere kwenye beseni, wala hakuuliza kitu.

Kama kuna aliyewahi kuacha uongo mdogo ukakua mpaka ukapikiwa uji, aandike hapa chini, nijue sipo peke yangu. Na wenye hizi sauna mniambie zipu ya tundu la mkono inapatikana wapi. Najua nilisema sitaitengeneza.